Ushuhuda: akili ilipogoma nikiwa chuo, na karatasi iliyonipatia msaada (uzi mrefu)

Karatasi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimeuahirisha miaka minne. Juzi nimesikia mwanafunzi mmoja kaacha chuo katikati ya mitihani, na wenzake wanasema "hatukujua kama anaumwa, tulikuwa tunacheka naye". Hata mimi nilikuwa nacheka. Nimeona nikae niandike yote. Najua anayeuhitaji hatachangia chochote, atasoma kimya kimya na kutoka. Naandika kwa ajili yake.

Kama wewe ndiye huyo na hali ni mbaya saa hii, usimalize kusoma. Mwamshe unayelala naye chumbani, nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, au piga namba ya dharura ya mahali ulipo. Uzi utaukuta hapahapa.

Ilikuwa mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Ilianza na usingizi. Nalala saa sita, ikifika saa tisa usiku macho makavu, nasubiri kukuche. Nikaacha vipindi vya asubuhi, kisha vya mchana, kisha nikaacha kujibu meseji. Nyumbani wakipiga, nakaa kitako kwanza, nakohoa kusafisha koo, ndipo napokea: "Niko salama, nasoma tu." Kuna ukurasa mmoja wa takwimu niliusoma siku tatu mfululizo. Mpaka leo nakumbuka kona yake ya chini ilivyojikunja, lakini kilichoandikwa pale sikumbuki hata neno.

Sikuwa nimefeli. Sikuachwa na mtu. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba sina sababu ya kumwonyesha mtu. Wazo la kufa lilianza kama mgeni wa kupita, leo lipo kesho halipo, baadaye likahamia kabisa.

Mara ya kwanza kutafuta msaada nilifika hadi mlangoni kwa mshauri nasaha wa chuo. Nikasoma tangazo la saa za kazi kuanzia juu hadi chini, kama mtu aliyekuja kusoma tangazo, nikaondoka. Nilijiambia nafasi hizi ni za wenye shida kweli.

Mara ya pili niliingia. Pale mapokezi nikaulizwa "shida yako nini?" na nyuma yangu kuna foleni ya watu wanne. Mdomo ukajibu wenyewe: "Nataka ushauri kuhusu masomo." Nikapangiwa tarehe, siku 16 mbele. Nilitoka pale nimewakasirikia mwezi mzima, lakini leo naona sawa kabisa: walimpangia mtu wa masomo foleni ya watu wa masomo. Mimi ndiye niliyekosa maneno. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Ugonjwa huu wa sonona (depression) ukikushika, kitu cha kwanza kukunyang'anya ni maneno ya kuombea msaada. Mtu anayeonekana mvivu, mkimya au mjeuri, huenda anatafuta neno moja tu na halipati.

Mara ya tatu sikwenda mwenyewe. Rumeti wangu aliamka usiku akanikuta nimekaa sakafuni, nimevaa viatu, taa imezimwa. Hakuwasha taa. Alikaa na yeye sakafuni, akauliza, "Unawaza kujiua?" Hivyo hivyo, bila kuzunguka. Sikujibu muda mrefu, halafu nikasema ndiyo. Sijui kama nimewahi kusema neno zito kama lile, na sijui kama nimewahi kupumua kama nilivyopumua baada ya kulisema.

Hakunihubiria. Alichukua karatasi ya mazoezi, akaigeuza nyuma, akaniuliza kimoja kimoja na kuandika kwa mwandiko wake mbaya:

"Sijalala vizuri wiki tatu. Sili. Nawaza kujiua. Naomba kuonana na mtu leo, siwezi kusubiri."

Tulikesha. Asubuhi akanisindikiza. Nilipofika mapokezi sikufungua mdomo, nilimpa dada wa mapokezi karatasi. Alisoma, akasimama, akaja upande wetu wa meza, akanipeleka chumba cha ndani. Haikufika nusu saa nilikuwa mbele ya mshauri. Ofisi ile ile, dada yule yule aliyenipangia siku 16.

Kwa hiyo andikeni wakuu. Sentensi nne: muda gani umekuwa hivyo, mwili umebadilikaje, kama unawaza kujiua useme kwa jina lake, na neno *leo*. Usiandike "sijisikii vizuri". Kila mtu hajisikii vizuri wakati wa mitihani.

Ndani kulikuwaje? Mimi niliogopa kufungiwa. Nilichokutana nacho ni maswali. Walinipa dodoso la maswali 9 linaloitwa PHQ-9, linatumika nchi nyingi, lilichapishwa 2001. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini, kujiona huna thamani. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Swali la mwisho linauliza kama umewaza kuwa heri ufe au umewaza kujidhuru. Mkono wangu ulikuwa umeshajiandaa kuandika sifuri. Nikakumbuka karatasi ipo mezani kwake na ameshaisoma, nikaandika 3. Nilipata 21. Kuanzia 20 wanahesabu sonona kali. Dodoso peke yake si hukumu, daktari lazima akuhoji, lakini mimi kuona namba kulinisaidia. Nilikuwa nimejiita mvivu miezi miwili.

Halafu tukatengeneza kitu wanachokiita mpango wa usalama. Kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, waliuandikia makala mwaka 2012 na tangu hapo unatumika sana. Ni ukurasa mmoja, unajaza mwenyewe kwa maneno yako. Dalili zangu kwamba wimbi linakuja (mimi: nikianza kufuta meseji za watu bila kusoma). Ninachoweza kufanya peke yangu. Mahali na watu wa kunitoa mawazoni hata bila kuwaambia kitu. Watu wa kuwaambia waziwazi. Wataalamu na namba za dharura. Na mwisho, kuondoa karibu yangu vitu ambavyo ningeweza kujidhuru navyo. Hilo la mwisho nililidharau, nikasema mtu akitaka atapata tu. Mshauri akanieleza kuwa kilele cha hali ile mara nyingi ni cha muda mfupi, dakika au saa, na kama katika muda huo kitu hakipo mkononi, watu wengi sana wanavuka. Rumeti ndiye aliyekuja kuvitoa chumbani siku hiyo hiyo.

Jioni nikapelekwa kwa daktari. Walipima damu pia, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kukuletea uchovu na huzuni ya namna hiyo. Nilianzishiwa dawa za sonona, na wiki mbili za kwanza niliona madhara tu, kichefuchefu na mdomo mkavu. Nafuu ilianza wiki ya nne hivi. Kama una chini ya miaka 25, wiki za mwanzo lazima ufuatiliwe kwa karibu, kwa sababu kwa baadhi ya vijana mawazo ya kujiua huweza kuongezeka mwanzoni. Tangu 2007 Marekani onyo hilo linawataja vijana hadi miaka 24. Si sababu ya kukataa dawa, ni sababu ya kutopotea kliniki. Na usizikate ghafla siku ukijisikia umepona.

Masomo: nilibeba barua ya daktari kwa mlezi wa wanafunzi, nikaahirisha mitihani miwili na kufanya mitatu. Ukiomba kabla ya mtihani unasikilizwa kuliko ukija na maelezo baada ya kufeli. Nilimaliza nikiwa nyuma ya wenzangu muhula mmoja. Sijaulizwa na mwajiri yeyote ule muhula ulikwenda wapi.

Karibuni kwa maswali.

MwakaWaMwisho

Pole sana mkuu, na asante. Naomba kuuliza kitu ambacho wengi kinatuzuia: nyumbani watajua? Na chuo si wataandika kwenye faili langu?

Karatasi

Mkuu, hilo lilikuwa swali langu la kwanza, na nakushauri liwe la kwanza kwako pia. Kabla hujaanza kueleza, muulize mshauri: "Nitakayosema yanabaki wapi, na lini utalazimika kumwambia mtu mwingine?" Mshauri mzuri hujibu bila kukasirika. Wangu alisema yanabaki pale, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini, na hata hapo ataniambia kwanza anamwambia nani na kwa nini. Kwenye barua ya kuahirisha mtihani haikuandikwa ninaumwa nini, iliandikwa tu kwamba sifai kufanya mtihani kwa sababu za kiafya. Nyumbani niliwaambia mwenyewe baada ya wiki sita. Mama alilia, halafu akauliza kama nimekula.

Bin Subira

Sina nia ya kumkwaza mtu, ila vijana wa siku hizi mmekuwa dhaifu. Sisi tulisoma kwa tabu kuliko hizi na hatukujua hayo madodoso. Mtu akiwa na imani thabiti na shughuli za kufanya, hayo mawazo hayapati nafasi.

Karatasi

Mzee wangu, nakuheshimu na sitakujibu kwa hasira. Imani ninayo na nilikuwa nayo usiku ule. Niliomba mpaka nikaishiwa sauti. Lakini mwili ulikuwa hauli wala haulali, na mtu wa imani akivunjika mguu bado anapelekwa akafungwe mguu, na wanaomwombea wanaendelea kumwombea.

Kuhusu zamani: Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu zaidi ya 720,000 duniani wanakufa kwa kujiua, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hata huko zamani walikuwepo mzee, sema ilikuwa inatajwa sababu nyingine. Nakuomba kitu kimoja tu: kijana wako akikupigia akasema "nimechoka", usimjibu kwa habari za tabu ulizosomea. Muulize amechoka vipi.

Bin Subira

Nimekusoma. Ninaye mmoja yupo chuo. Nitampigia.

NesiWaZamu

Habari zenu. Nimefanya kazi ya uuguzi zamu za dharura miaka mingi, naomba niongezee.

Alichofanya yule rumeti, kuuliza moja kwa moja, ndicho tunachofundishwa. Watu wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utampandikizia wazo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Mwenye wazo unampa nafasi ya kulitua, asiye nalo atakwambia hapana na mtaendelea. Akisema ndiyo, uliza na kama ameshapanga namna na muda. Kadiri mpango unavyokuwa wazi ndivyo usivyotakiwa kumwacha peke yake hata akakuahidi. Anakwenda chooni, unamsubiri nje ya mlango. Na ukiambiwa "niapie hutamwambia mtu", usiape. Mwambie: "Siwezi kuapa hilo, lakini sitafanya kitu nyuma ya mgongo wako."

La pili, si kila anayeumwa akili anaonekana mwenye huzuni. Ukiona mwenzako siku nne hajalala na hachoki, anaongea haraka kupita kiasi, anagawa vitu vyake, au anasikia sauti na kuamini wahadhiri wamepanga kumdhuru, hiyo pia ni dharura. Msibishane naye kama sauti zipo au hazipo. Ongea taratibu, punguza watu chumbani, mpeleke hospitali. Magonjwa mengi ya akili huanza kabla ya umri wa chuo au ndani yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2005 ulikuta nusu ya magonjwa ya akili huwa yameshaanza kufikia miaka 14, na robo tatu kufikia 24. Kwa hiyo haijatokea kwa sababu mtu kaharibikia chuoni.

chumba_cha_tatu

Mimi nilikwenda nikajuta. Mshauri aliangalia saa mara tatu, akaniambia nijichanganye na wenzangu na nifanye mazoezi. Sikurudi tena. Huu ni mwaka wa pili.

Karatasi

Pole sana, na nimeumia kusoma hivyo. Uliyekutana naye alikosea, tena ulikuwa umetumia nguvu zako za mwisho kufika pale. Nenda kwa mwingine. Omba kubadilishiwa, huhitaji kutoa sababu ndefu: "Naomba kuonana na mshauri mwingine" inatosha. Kama ofisi ina mshauri mmoja tu, nenda zahanati au hospitali kama mgonjwa wa kawaida, mwambie daktari zile sentensi nne. Hata mhadhiri unayemwamini anaweza kukushika mkono akakupeleka. Na safari hii usiende peke yako. Mbele ya mtu wa pili ni vigumu mtu kukuangalizia saa.

Naomba nikuulize na wewe, mwaka huu wa pili unalalaje?

chumba_cha_tatu

Usiku mzima napata usingizi wa saa tatu au nne tu. Sina mawazo ya kufa. Ila sina furaha na kitu chochote, hata nilivyovipenda.

NesiWaZamu

Ndugu, hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu aende. Usisubiri ifike kwenye kufa ndipo ujione unastahili. Wiki hii.

chumba_cha_tatu

Sawa. Alhamisi sina kipindi. Nitaenda na dada yangu.

Kimya

Nimesoma tangu mwanzo. Mimi ndiye yule uliyesema atasoma na kutoka. Sijui niandike nini.

Karatasi

Niko hapa. Umefanya vizuri kuandika. Nakuuliza kama nilivyoulizwa mimi: unawaza kujiua usiku huu?

Kimya

Ndiyo

Karatasi

Asante kwa kuniambia. Sitoki hapa. Kama kuna kitu ulichofikiria kujidhuru nacho, usinitajie ni nini, simama tu ukae mbali nacho. Uko peke yako?

Kimya

Nimetoka kwenye meza. Rumeti yupo amelala.

Karatasi

Mwamshe.

Kimya

Ana mtihani asubuhi. Nitamharibia.

Karatasi

Sikuandika hili kule juu. Rumeti wangu alikuwa na mtihani siku ile ile, saa nne asubuhi. Alinifikisha kwa mshauri, akaenda kuufanya bila kulala, akapata sapu. Aliirudia, akafaulu. Miaka minne sasa hajawahi kunitajia hiyo sapu kama deni. Nilipomuuliza alisema angekuwa mtu gani kama angeamka asubuhi amefaulu na mimi sipo.

Mwamshe ndugu yangu.

Kimya

Sijui nimwambie nini

Karatasi

Usimwambie kitu. Mguse bega, mpe simu asome hapa:

"Samahani kukuamsha. Nawaza kujiua na naogopa kubaki peke yangu. Naomba unipeleke hospitali sasa hivi. Usiniache."

NesiWaZamu

Na mimi nipo, niko macho. Wewe uliyeamshwa ukisoma hapa: hujachelewa na huhitaji kujua la kumwambia. Kaa karibu naye, vitu vya hatari vitoke chumbani, pigeni namba ya dharura au mtafute mlinzi wa hosteli awasaidie usafiri. Mkifika mapokezi ya dharura onyesha ujumbe huu huu, msikae foleni kimya. Watamuuliza maswali mengi yanayojirudia, asikate tamaa, ni kawaida.

Karatasi

Kimya, uko hapo?

Karatasi

Niandikie hata herufi moja.

Kimya

Nipo. Kaamka. Kasoma mara mbili. Hajasema kitu, kanishika mkono na mkono mwingine anatafuta viatu chini ya kitanda.